Koti la Tartani na Maneno ya Mshono Wake

Leo nataka kuwasimulia habari za koti. Najua wako watakaouliza, "Koti nalo lina historia gani?" Tumezoea kudhani ya kuwa historia ni habari za wafalme na vita, na miaka ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Walakini vazi la mtu ni kama daftari lake. Mfumi aliyefuma kitambaa, fundi aliyekikata, na serikali iliyompa mtu ruhusa ya kulivaa au kumnyima, kila mmoja ameandika neno lake humo. Na mwenye kujua kuusoma mshono aweza kuyasoma maneno hayo.

Koti nitakalolieleza ni la Waskoti. Uskoti ni nchi iliyo kaskazini ya Uingereza, katika kisiwa kimoja nayo. Na katika Uskoti wenyewe, upande wa kaskazini na magharibi, ndiko yaliko makao ya watu wa milimani, ambao lugha yao ya asili ni Kigaeli. Kitambaa cha koti hilo huitwa tartani, nacho ni kitambaa cha sufu chenye miraba ya rangi nyingi.

Kwanza tutazame jinsi kitambaa kinavyofumwa, maana koti halieleweki pasipo kitambaa chake. Mfumi hupanga nyuzi za mtande kwa hesabu: tuseme nyekundu kadha, kisha za kijani kadha, kisha za buluu. Akifika mwisho wa hesabu, huirudia kinyumenyume mpaka mwanzo, na kuanza tena. Halafu nyuzi za mshindio hufuata hesabu ile ile. Kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya nyuzi mbili, na katika kila mstari husogea kwa uzi mmoja, hata uso wa kitambaa ukafanya mistari midogo iliyolala mshazari. Basi, uzi mwekundu ukikutana na mwekundu twapata wekundu mtupu. Ukikutana na wa kijani, macho huona rangi ya tatu iliyochanganyika. Mwenye rangi mbili katika kikapu chake hupata rangi tatu katika kitambaa, na mwenye rangi sita hupata 21. Wanafunzi, fanyeni hesabu hiyo wenyewe baada ya mazungumzo haya.

Mtu mmoja wa kisiwa cha Skye, jina lake Martin Martin, alichapisha kitabu mwaka 1703 juu ya visiwa vya magharibi ya Uskoti. Humo alieleza ya kuwa wanawake walikuwa wakiweka hesabu ya nyuzi juu ya kipande cha mti, kila mlia kwa idadi ya nyuzi zake, ili wasikosee. Alisema pia ya kuwa mtu aliyezijua nchi zile aliweza kukisia makao ya mwenzake kwa kuitazama tartani aliyoivaa. Yashikeni sana maneno hayo, maana tutayarudia: alitaja makao ya mtu, hakutaja ukoo wake.

Ukale wa kitambaa hiki hauna ubishi. Mwaka 1933, mahali paitwapo Falkirk, palionekana chungu chenye fedha za Kirumi karibu 2,000, na pamoja nacho kipande cha kitambaa cha miraba cha karne ya tatu baada ya Kristo. Rangi zake ni mbili tu, nazo ni rangi za sufu yenyewe kama itokavyo kwa kondoo. Kipande kingine kilitolewa katika udongo wa kinamasi huko Glen Affric katika miaka ya 1980 na kitu. Kilipopimwa, wataalamu walitangaza mwaka 2023 ya kuwa yamkini kilifumwa kati ya 1500 na 1600, nacho kina rangi ya kijani, ya hudhurungi, na yamkini nyekundu na ya manjano. Katika nguo za baadaye, za karne ya 18, wekundu mwingi ulitoka kwa wadudu wadogo wa Meksiko waliokaushwa na kusagwa, na ubuluu ulitoka katika nili iliyoletwa kwa merikebu. Hata koti la mtu aliyeishi mbali milimani lilikuwa na biashara ya dunia ndani yake.

Sasa tulijie koti. Zamani mtu wa milimani alivaa shuka kubwa ya sufu, yenye urefu wa yadi nne au zaidi. Kwa kuwa kitanda cha mfumi kilikuwa chembamba, na kitambaa chake kilikuwa na upana wa inchi 25 hivi au kuzidi kidogo, mapande mawili yaliungwa ubavu kwa ubavu ili shuka ipate upana wa kutosha. Mtu aliikunja marinda, akajifunga mshipi kiunoni. Nusu ya chini ilimsitiri hata magotini, na nusu ya juu aliitupa begani na kuifunga kwa bizimu. Fikirini basi: mtu huyo akivaa koti refu kama lile la mabwana wa mjini, ambalo mapindo yake yalifika magotini, marinda ya shuka yangekaa wapi? Kwa sababu hiyo koti la milimani lilikatwa fupi, likaishia kidogo tu chini ya kiuno. Ufupi wake haukuwa wa uchache wa kitambaa, wala wa mapambo. Ulitokana na shuka.

Fundi wa karne ya 18 hakuwa na utepe wa inchi kama wa mafundi wetu. Alichukua ukanda mrefu wa karatasi, akauzungusha kifuani mwa mteja, kiunoni na mkononi, akaukata alama ndogo kwa mkasi katika kila kipimo. Kila mteja alikuwa na ukanda wake, nao haukumfaa mtu mwingine. Kwa hiyo ukilishika koti la wakati ule, umeshika umbo la mtu mmoja aliyeishi.

Mgongo wa koti ni vipande viwili vyembamba, vimeungwa katikati. Mshono wa bega haukai juu ya bega kama ilivyo katika makoti yetu, bali umeshuka nyuma hata karibu na mfupa wa bega. Na mishono ya ubavuni nayo imevutwa nyuma. Kukata namna hii kulimlazimisha mvaaji kusimama wima, kifua mbele na mabega nyuma. Ndani ya mabega hamna pamba ya kuyainua. Aliyekuwa na mabega madogo alionekana nayo hivyo hivyo.

Tundu la mkono ni dogo, nalo liko juu sana kwapani. Watu wengi hudhani kwamba kwapa likiwa pana mkono utakuwa huru. Sivyo. Kwapa likiwa kubwa na la chini, mtu akiinua mkono koti lote huinuka naye. Likiwa dogo na la juu, mkono huinuka peke yake na koti hukaa mahali pake. Mtu aliyehitaji kuinua upanga, au kupanda jabali, aliijua faida hiyo. Mkono wenyewe umekatwa vipande viwili vilivyopinda kwenye kiwiko, hata koti likitundikwa ukutani, mikono yake haining'inii wima. Imepinda kama ya mtu aliyeshika hatamu za farasi.

Ndani, bitana kwa kawaida ilikuwa ya kitani au ya sufu nyepesi. Na mikononi kitani kilipendwa, kwa kuwa huteleza juu ya shati. Mbele, palipo vifungo, fundi alitia kitani kigumu kilichopakwa gundi ili ukingo usimame. Vifungo vingi vilikuwa vipande vya mti au mfupa vilivyofunikwa kwa kitambaa kile kile cha koti. Navyo vilipangwa vingi kuliko haja, na baadhi ya matundu yake yalishonwa pembeni kwa uzi lakini hayakutobolewa kamwe, maana yalikuwa ya kupendeza macho tu. Kazi yote ilifanywa kwa sindano na mkono: uzi wa kitani katika mishono ya nguvu, na mara nyingi uzi wa hariri mahali panapoonekana.

Liko jambo moja katika makoti ya tartani ambalo humshangaza kila fundi anayeliona mara ya kwanza. Katika baadhi yao kitambaa kimekatwa mshazari, hata miraba ikasimama kwa pembe zake. Kila mshonaji ajua ya kuwa kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika. Hulifuata umbo la mwili na kukaa juu yake kama ngozi. Suruali za kubana za Waskoti zilikatwa hivyo kwa lazima, la sivyo zisingepita mguuni wala mtu asingeweza kupiga goti. Katika koti, kukata mshazari kulilifanya likae vema kifuani, na bitana iliyokuwa imara ililizuia lisilegee.

Walakini kukata namna hiyo hula kitambaa kingi, na kitambaa chenyewe kilikuwa chembamba na cha thamani. Hapo ndipo twamwona fundi akihesabu mapato na matumizi yake. Chini ya kwapa, au ndani ya pindo, mna vipande vidogo vilivyoungwa ili pasipotee hata upana wa kiganja. Mahali pengine miraba imekutana sawasawa mshononi. Mahali pengine haikukutana kabisa. Fundi wa leo angeona aibu kumkabidhi mteja koti la namna hiyo, lakini yule wa zamani hakuona aibu. Mbele zake, kukaa vema kwa koti na kutopoteza kitambaa kulikuwa na maana kuliko miraba kuoana.

Katika jumba la makumbusho la taifa mjini Edinburgh yamo mavazi kamili ya namna hiyo, koti, suruali ya kubana na shuka, yaliyoshonwa karibu na mwaka 1744 kwa ajili ya Sir John Hynde Cotton. Bwana huyo hakuwa mtu wa milimani, wala hakuwa Mskoti. Alikuwa Mwingereza, mjumbe wa Bunge, aliyetamani kwamba wafalme wa jamaa ya Stuart, waliofukuzwa mwaka 1688, warudishwe katika kiti chao. Kwake yeye tartani ilikuwa tamko. Alisema kwa koti neno ambalo lingemponza kama angelisema kwa kinywa.

Mwaka 1745 mwana wa jamaa hiyo, Charles Edward Stuart, alishuka Uskoti akakusanya jeshi, na wengi wa askari wake walikuwa watu wa milimani. Tarehe 16 Aprili 1746, katika uwanja wa Culloden, jeshi lake lilivunjwa kwa muda wa saa moja hivi. Kati ya waliokufa siku ile alikuwamo baba wa babu yake Daktari David Livingstone, yule yule ambaye jina lake lajulikana Ujiji na Tabora. Livingstone mwenyewe aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1857.

Baada ya vita Bunge lilitunga sheria ya kuwapokonya watu wa milimani silaha zao, na ndani yake likatia fungu la mavazi. Tangu tarehe 1 Agosti 1747, mwanamume au mvulana ye yote katika Uskoti alikatazwa kuvaa shuka ya milimani, kilti, ile suruali ya kubana, na mikanda ya begani. Na tartani ikakatazwa kutumiwa kwa makoti ya juu. Aliyeshikwa mara ya kwanza alifungwa miezi sita. Aliyeshikwa mara ya pili alipelekwa ng'ambo ya bahari, katika mashamba ya mfalme, akakae huko miaka saba. Miaka saba kwa ajili ya koti!

Walioachiwa walikuwa askari wa jeshi la mfalme, na wanawake, ambao sheria haikuwataja. Lakini sheria iliyoandikwa kwa wote haikuwaangukia wote kwa uzito mmoja. Iko picha ya rangi ya wavulana wawili wa kabaila mmoja wa jamaa ya MacDonald, iliyochorwa karibu na mwaka 1749, yaani katika siku za katazo lenyewe. Wavulana hao wamevaa tartani waziwazi, tena ya namna zaidi ya moja. Mtoto wa kabaila alisimama mbele ya mchoraji. Mtoto wa mkulima angesimama mbele ya hakimu.

Sheria hiyo iliondolewa tarehe 1 Julai 1782. Mtoto aliyezaliwa mwaka ilipoanza alikuwa sasa mtu wa miaka 35, na pengine hajapata kuvaa vazi la baba yake ila kwa kificho.

Baada ya hapo pakaja jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nilichague somo hili. Vazi lililokatazwa likawa vazi la kifahari. Mwaka 1815 chama kimoja cha Waskoti mjini London kiliwaomba wakuu wa koo wapeleke kila mmoja kipande cha tartani ya ukoo wake. Baadhi yao hawakujua wapeleke nini. Lord MacDonald mwenyewe alijibu ya kuwa hajui hasa tartani ya MacDonald ni ipi, akaomba atafutiwe iliyo ya kweli. Kampuni ya Wilson huko Bannockburn, iliyowauzia majeshi na matajiri vitambaa, iliandika daftari la hesabu za nyuzi mwaka 1819, na humo tartani nyingi zina namba tu, hazina jina la ukoo wo wote. Mwaka 1822 mfalme George wa Nne alizuru Edinburgh, naye akavaa mavazi ya milimani yaliyogharimu zaidi ya paundi 1,300. Jamaa ya mfalme huyo ndiyo iliyolishinda jeshi la Culloden. Kila bwana wa Uskoti akataka tartani yake, nao wauzaji hawakukosa ya kumpa.

Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walichapisha kitabu kikubwa chenye tartani za koo, wakidai ya kuwa wamezitoa katika maandiko ya kale ya karne ya 16. Maandiko hayo hayakuonyeshwa kwa mtu wa kuyapima. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1980 ulionyesha wazi ya kuwa habari ile ilikuwa ya kutungwa. Na hata bila uchunguzi huo, picha ya vita iliyochorwa na David Morier, aliyeishi wakati ule ule wa vita vile, ilikuwa ikishuhudia siku zote: katika picha hiyo watu wanane wa milimani wamevaa tartani za namna zaidi ya 20. Koti la mtu ni la miraba hii, shuka yake ya miraba ile. Kama tartani ingalikuwa bendera ya ukoo, mtu mmoja angalikuwa wa koo tatu kwa siku moja.

Pengine mtauliza, je, wachunguzi hujuaje koti la kweli na la uongo? Hulipindua. Nje, koti laweza kusifiwa lo lote. Ndani, halina msemaji ila sindano. Ikiwa mishono yake mirefu ni ya cherehani, haikushonwa Culloden, kwa kuwa cherehani zilianza kuenea katika miaka ya 1850 na kitu. Ikiwa uzi umetiwa rangi ya kutengenezwa kwa dawa, ni wa baada ya 1856, mwaka ambao kijana William Perkin aligundua rangi ya kwanza ya namna hiyo. Wachunguzi hupima upana wa kitambaa toka ukingo hata ukingo, huhesabu nyuzi katika inchi moja, hutazama mshono wa bega umekaa wapi. Tena hukumbuka ya kuwa kitambaa chaweza kuwa cha kale kuliko koti, maana watu walikata shuka za wazee wao wakashona makoti mapya. Mishono ya zamani iliyofumuliwa huacha vitundu vidogo, navyo hueleza kisa hicho.

Je, ukweli huu umewanyang'anya Waskoti vazi lao? Hata kidogo. Mwaka 2008 Bunge la Uskoti lilitunga sheria ya kuweka daftari rasmi la tartani, nalo likafunguliwa mwaka 2009. Na tartani mpya huandikwa humo, za miji, za vyama, na za jamaa za watu. Aliyeandikisha tartani yake juzi hana haja ya kusema ni ya miaka 500. Wahenga wetu walisema, "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Na utukufu wa kuazima ndivyo ulivyo. Waskoti walikuwa na habari ya kweli iliyo kubwa kuliko ile ya kutungwa: wanawake waliohesabu nyuzi juu ya vipande vya miti, mafundi waliounga vipande kwapani pasipotee kitu, na wanaume waliothubutu kufungwa kwa ajili ya vazi walilolirithi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa po pote; kazi ya mikono yao ndiyo iliyobaki kuwashuhudia.

Basi, wasikilizaji wangu, labda katika nyumba yako limo sanduku, na ndani yake vazi la mzee wako aliyekufa. Usilifue kwa sabuni kali, wala usilifumue kwa ajili ya kitambaa chake. Mwite aliye mkubwa nyumbani, umwulize lilikuwa la nani, lilishonwa wapi, na nani alilishona. Yaandike majibu yake katika karatasi pamoja na tarehe, uiweke humo sandukuni. Kisha lipindue upande wa ndani, ulitazame mwenyewe.

Kwaherini.